Kisu Kisicho na Loki

Kisu cha kukunja cha mtindo wa zamani hakina loki. Bapa lake limeshikwa na ribiti moja, na mgongoni mwa mpini kuna ukanda wa chuma uliochomwa na kupozwa hadi ukajua kupinda na kurudi. Ukilifungua bapa, ukanda huo, yaani springi, hulikandamiza shina lake, sehemu iliyo ndani ya mpini, mpaka likae imara. Ukilifunga, springi ile ile hulilaza ndani ya mpini. Basi. Hamna pete ya kuvuta, hamna kitufe cha kubonyeza. Kinachozuia bapa lisikuangukie vidoleni ni nguvu ya springi na uangalifu wa mkono wako.

Visu vya aina hii ndivyo ninavyokusanya, na karibu vyote nimevipata Kibera na Kawangware, jijini Nairobi. Havitengenezwi huko. Huingia na mtumba. Bale ya makoti ina uzito wa kilo 45 hivi, na aliyeifunga huko ng'ambo hana muda wa kupekua kila mfuko. Alfajiri, kamba za bale zikikatwa, wanaochagua wa kwanza huondoka na kamera, zile nguo safi za daraja la juu. Kufikia mchana kilichobaki ni fagia, yale mabaki ya chini. Kisu kilichoanguka kutoka mfukoni mwa koti hakimo katika hesabu yoyote kati ya hizo mbili. Hutupwa pembeni, na jioni huishia kwenye gunia la muuza vikorokoro, katikati ya rimoti zisizo na betri, funguo zisizo na kufuli na chaja za simu ambazo siku hizi hakuna anayezitumia.

Magunia hayo utayakuta Toi Market, karibu na Adams Arcade, na utayakuta Kawangware kandokando ya Naivasha Road na kwenye vichochoro vya sehemu ziitwazo 46 na 56. Wauzaji hupanga bei kwa mng'ao. Kisu cheupe kinachometa, hata kama springi yake imelegea na bapa linacheza, huitishwa pesa nyingi kuliko kisu cheusi chenye mpini wa mfupa uliopasuka. Hiyo ndiyo sababu mtu wa kipato cha kawaida ameweza kukusanya. Kile cheusi hutolewa kwa bei ya chai na mandazi, na wakati mwingine hutolewa bure kwa mteja aliyenunua kitu kingine.

Kulinganisha kunaanzia kwenye ukucha. Karibu na mgongo wa bapa kuna mfuo mwembamba wa kuingiza ukucha wa kidole gumba. Ukivuta, springi nzuri hukataa kwanza, kisha hukubali. Visu vingine husimama katikati ya safari: shina lao limekatwa mraba, kwa hiyo bapa likifika nyuzi 90, ubavu wa mraba ule hulala juu ya springi na bapa likatulia hapo. Vingine vimeviringishwa shina, hupita moja kwa moja. Navipenda vile vinavyosimama, kwa sababu wakati wa kufunga bapa hupumzika kabla ya kuvifikia vidole, nawe unapata nafasi ya kuviondoa. Kisha nasikiliza. Kisu kilichokazwa sawasawa hulia ta! kikifunguka, na ta! nyingine, nzito zaidi, kikifunga. Kilichochoka hufunga kimya.

Baada ya hapo nakiinua kwenye mwanga. Kati ya springi na mabati ya shaba yaliyo ndani ya mpini, mwanga usipite. Napitisha kidole gumba mgongoni mara tatu: kisu kikiwa kimefungwa, kikiwa nusu, kikiwa wazi. Springi iliyopigwa tupa na fundi hasa hulingana na mpini mahali pote patatu, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika kisu hiki. Viwanda vya haraka hushindwa papo hapo. Springi huchomoza kisu kikiwa wazi, au huzama kikiwa kimefungwa, na kidole hugundua kasoro hiyo hata pale jicho linaporidhika. Nimeshika visu vya jina kubwa vilivyofeli mtihani huu, na visu visivyo na jina lolote vilivyofaulu.

Maumbo nayo yana habari zake. Kuna kisu cha mabapa matatu ambacho wachungaji wa ng'ombe wa Marekani walikizoea: bapa refu lenye ncha, la pili lenye makali yaliyonyooka, na la tatu fupi, la ncha butu, lililobuniwa kwa kuhasi mifugo. Kimoja kama hicho nilikiokota kwenye gunia Kawangware, mwendo mfupi kutoka machinjio ya Dagoretti ambako ng'ombe huteremshwa kwenye malori. Muuzaji alidhani bapa lile la tatu limevunjika ncha, akanipunguzia bei. Nilimweleza lilivyo na kazi yake, kisha nikalipa bei aliyoitaja mwanzo.

Halafu chuma chenyewe. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield nchini Uingereza, Harry Brearley alipata chuma kisichoshika kutu, na kuanzia hapo visu vikaanza kubaki vyeupe. Vya kabla ya hapo, na vingi vya baadaye pia, ni vya chuma cha kaboni, kinachobadilika rangi kwa kila unachokikata. Kata embe asubuhi, na kufikia saa saba bapa lina mawimbi ya kijivu na buluu ambayo hayatoki kwa kitambaa. Rangi hiyo haikiharibu kisu. Ni ngozi yake, na hupunguza kasi ya kutu yenyewe. Chuma hiki pia hunolewa upesi kwenye kinoo cha kawaida na kupata makali ambayo chuma cheupe cha bei nafuu hakiyafikii. Ndiyo maana huniuma kumkuta muuzaji amechukua msasa na kukisugua kisu cha zamani mpaka kikawa cheupe ili kipate mnunuzi. Amefuta kazi ya miaka kwa robo saa.

Kazi hiyo ya miaka ndiyo hasa ninayoitafuta, na hapa ndipo ninapotofautiana na wakusanyaji wengi wa ulimwengu mpana. Kampuni ya W. R. Case & Sons ya Bradford, Pennsylvania, mwaka 1970 ilianza kupiga nukta kumi chini ya muhuri wa shina la bapa, na kila mwaka uliofuata ikapunguza nukta moja. Mkusanyaji wa huko huhesabu nukta akajua mwaka. Ni utaratibu mzuri na nauheshimu. Lakini kisu kinachothaminiwa zaidi kwao ni kile ambacho hakijawahi kunolewa, hakijawahi kukata hata uzi, bado kimo ndani ya boksi lake. Visu viwili vya namna hiyo vikiwekwa mbele yangu naweza kusema kiwanda gani kilifanya vizuri zaidi, kisha maneno yanaisha. Sina la kusema juu ya mtu.

Weka badala yake visu viwili vilivyotumika. Bapa lililonolewa kwa jiwe la mkono hupungua polepole na kubaki na umbo lake, jembamba tu. Lililopitia kwa fundi wa baiskeli, yule anayesimamisha baiskeli kwa stendi na kukanyaga pedeli ili jiwe la duara lizunguke, huwa na kibonde karibu na shina, mahali ambapo jiwe lilianza kuuma kila mara. Wakati mwingine utaona pia doa la buluu kwenye makali. Doa hilo lina maana. Chuma kilichokwisha kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, kikipashwa moto tena hadi rangi ya majani makavu, kwenye nyuzi 220 au 230, hubaki na ugumu wa kushika makali. Kikifika buluu, karibu na nyuzi 300, hulegea na kuwa chuma cha springi. Buluu hiyo ni sahihi kabisa mgongoni mwa kisu. Kwenye makali ni hasara, na fundi wa baiskeli aliyekuwa na haraka, aliyesahau kuchovya kisu majini, ameiandika pale kwa cheche.

Na kazi zenyewe husomeka. Kisu cha fundi wa stima huwa na meno madogo karibu na shina, alipokuwa akimenya nyaya. Cha wanaofungua bale huliwa sehemu hiyo hiyo, lakini kwa mapana, kwa sababu kamba ya plastiki hukatwa kwa kuvuta kwa nguvu. Mafundi wa makochi wa Ngong Road humaliza katikati ya bapa kwa sponji na turubai. Fundi wa viatu humaliza ncha. Karibu na reli, upande wa Laini Saba, Kibera, nilimkuta mzee mmoja akitumia kisu cha kukunja ambacho bapa lake lilikuwa limebaki theluthi moja. Lilikuwa limenolewa upande mmoja tu, ule wa kulia, maisha yake yote.

"Mzee wangu, hiki huwezi kuniuzia?"

"Hiki ni cha kazi, kijana. Nikikupa, hizi soli nitakata na meno?"

Nilirudi na kisu kipya cha chuma kizuri, nikamwachia akijaribu kwa muda. Alipoona kinakata ngozi bila kukwaruza, alikubali tubadilishane. Kile chake kwangu kina thamani kuliko vyote, na najua kwamba mkusanyaji wa Bradford asingekiinua hata kutoka mezani.

Kuna kisu kingine ambacho watu wa Nairobi hukitaja mara tu ninapoanza mazungumzo haya: Okapi. Historia yake inatugusa kwa karibu. Mnyama okapi anaishi katika msitu wa Ituri, Kongo mashariki, na ingawa Wambuti wa huko walimjua tangu enzi, wanasayansi wa Ulaya walimtambua rasmi mwaka 1901 tu. Mwaka uliofuata, 1902, mjini Solingen, Ujerumani, jina hilo likapigwa kwenye kisu cha kukunja cha bei rahisi kilichotengenezwa ili kuuzwa katika koloni za Kijerumani barani Afrika, na Tanzania bara ya leo ilikuwa miongoni mwazo. Mwaka 1988 haki za jina zilinunuliwa Afrika Kusini na utengenezaji ukahamia huko. Mpini ni wa mti, umepambwa kwa nyota na mwezi vya madini. Bapa ni la chuma cha kaboni, chembamba, rahisi kunoa. Kwa ubora wa bapa peke yake, kwa bei ile, ningekisifu bila kusita.

Lakini Okapi anayejulikana zaidi ana pete mgongoni. Ukimfungua hulia krrr, jino baada ya jino, na akifika mwisho bapa limekamatwa. Halirudi mpaka uivute pete. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa aliyeshika kisu kimoja tu. Aliyeshika vyote viwili, kimoja baada ya kingine, huihisi kiganjani. Kisu chenye loki kinakuruhusu kusukuma kwa ncha, kwa nguvu zako zote. Kisu cha springi tupu hakikuruhusu. Ukikisukuma kwa ncha dhidi ya kitu kigumu, bapa hujikunja na kukuangukia vidole. Kinakata kwa kuvutwa tu: ngozi, kamba, chungwa, kucha. Nimefika mahali pa kuamini kwamba waliokibuni walikijengea kazi na kukinyima vita, hata kama hawakuwahi kuyaweka hayo kwa maneno. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 iliyaweka kwa maneno. Inamruhusu mtu kubeba hadharani, bila kueleza sababu, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi tatu, yaani sentimita saba na nusu na kidogo. Na mahakama za huko zikaamua kwamba kisu kinachojifunga kwa loki hakimo katika ruhusa hiyo.

Siwezi kuandika juu ya kisu na Kibera nikaziruka wiki zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Toi Market iliteketea. Reli iling'olewa na vijana kwa mikono. Majirani walitazamana wakiwa wameshika panga. Mama aliyezipitia siku zile akiniona na kisu sokoni hutazama mkono wangu kwanza, kabla ya uso, na ana haki. Askari naye hatanisikiliza nikimweleza habari za springi na shina. Kwa hiyo visu vyangu husafiri vikiwa vimefungwa ndani ya gazeti, chini kabisa ya begi, na sivifungui ndani ya matatu hata nikiulizwa na rafiki. Hofu hiyo siichukulii kuwa ujinga. Ninachokitamani ni kwamba kijana wa Gatina, Kawangware, au Kisumu Ndogo, Kibera, apate nafasi ya kushika kisu kisichobuniwa kumchoma mtu, akakitumia kwa kazi, akafunzwa kukifunga kwa viganja viwili bila haraka. Watoto wa wakulima wengi ulimwenguni walifunzwa hivyo na babu zao.

Hata jeshi liliwahi kujua kwamba kisu kinaweza kuwa cha kazi tu. Kibera ilianza kama makao ya askari wa Kisudani wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Tangu 1904 hivi walianza kupewa makazi pale penye msitu, na wazao wao ndio Wanubi wa leo. Katika nyumba moja ya Makina, Kibera, baada ya salamu ndefu na chai, mzee alinitolea kisu kutoka kwenye kitambaa. Kilikuwa kile cha askari wa Kiingereza wa Vita vya Pili: mbao za mpini nyeusi zenye miraba, kifungua kopo, msumari mnene wa kufumulia mafundo ya kamba, kitanzi cha kuning'iniza, na kwenye shina alama ya mshale ya serikali. Bapa halina ncha kabisa. Mgongo wake umeinama hadi ukakutana na makali. Askari waliotoka Afrika Mashariki hadi Burma mwaka 1944 walibeba bunduki kwa ajili ya adui, na kisu kwa ajili ya kopo la nyama na kamba ya hema.

"Kilikuwa cha baba," mzee akasema. "Hiki si cha kuuza, mwanangu. Nakuonyesha tu kwa vile umekuja kwa heshima."

Sikuuliza bei. Nilimwomba ruhusa ya kukifungua, nikakifungua mara moja. Kililia ta! safi, baada ya miaka yote ile.

Kinachonishughulisha siku hizi ni kitu kingine. Vitu vitatu vinavyotengeneza kisu hiki ni mfupa, shaba ya njano na chuma cha springi, na vyote vimo mikononi mwa mafundi wetu tayari. Mafundi wa mfupa wa Kibera huchukua mifupa ya miguu ya ng'ombe kutoka machinjio ya Dagoretti, wakaichemsha kuondoa mafuta, wakaikata, wakaisugua, wakaichora kwa nta na kuitia rangi kuwa shanga na bangili. Mfupa huo wa muundi ndio unaotumika kwenye mipini ya visu vya Bradford, ila wao huuagiza Brazil, kutoka kwa ng'ombe wa nundu, ndugu wa wale wanaopita Kawangware kila siku. Shaba ya njano huyeyushwa vibandani kutoka kwenye kufuli kuukuu na mifereji ya maji, ikawa hereni zinazovaliwa Ulaya. Na katika soko la Gikomba, wafua chuma huchukua springi za malori, wakazifua kuwa panga, tindo na mashoka.

Nilimpelekea fundi mmoja wa mfupa kisu kilichopasuka mpini, nikamwomba anitengenezee ubao mpya. Alinitengenezea mbili, akazipiga mistari ili zishikike vizuri kwa mkono wenye jasho, akazipaka rangi ya chai iliyokolea. Kisha akakifungua na kukifunga kile kisu mara kadhaa, akitega sikio.

"Mkubwa, hii kazi yote iko hapa. Mbona tusitengeneze kizima?"

Tangu siku ile tunazungumza juu ya springi. Chuma cha lori ni kinene mno. Kukipunguza kwa tupa hadi milimita mbili ni kazi ya kuvunja mkono. Alipendekeza bapa la msumeno wa mashine, lile pana la kukatia vyuma. Lina unene unaofaa, lakini ni gumu kupita kiasi. Lazima kwanza lilegezwe kwa moto, litobolewe, lipigwe tupa, ligumishwe upya, ndipo lirudishwe hadi ile buluu. Mfua chuma mmoja wa Gikomba amekubali kushughulikia moto, kwa sharti kwamba tumletee vipande kadhaa kwa pamoja, kwa kuwa cha kwanza huenda kikakatika. Ngumu zaidi ni kupata ile hali ya springi kulingana na mpini mahali patatu, na hilo fundi anasema hawezi kulijua kwa kutazama nje. Anataka kufungua kisu kizima, atoe ribiti, aone shina na springi vilivyokutana.

Nilimpa kimoja kilicholegea. Alikirudisha. Anataka kile kinacholia vizuri kuliko vyote nilivyonavyo. Nilisitasita, kisha nikakubali, kwa sababu ana haki. Ribiti zitatolewa Jumamosi, hapo kibandani kwake karibu na Makina, na tayari amenunua kufuli mbili kuukuu za shaba.